Jinsi ya kukusanya sarafu za zamani za Tanzania na kuweka hela yako humo bila kupigwa

Wakuu, picha za rupia ya Mjerumani imefungwa kwenye kitambaa chekundu haziishi kuingia kwenye simu yangu, na swali ni lilelile, "hii milioni ngapi?" Jibu langu huwa linawaudhi watu: rupia ya kawaida iliyochakaa bei yake haiko mbali sana na silva iliyomo ndani. Sarafu hailipi kwa sababu ni ya zamani, inalipa ikiwa ni chache na hali yake ni nzuri, vyote viwili kwa pamoja. Na ukisikia rupia yenye nguvu za ajabu ujue hapo kuna tapeli, funga mkoba.

Haya twende.

HATUA YA 1: Chagua upande mmoja kwanza. Kuna Zanzibar ya masultani, kuna Mjerumani (1890 hadi 1916), kuna Muingereza kuanzia miaka ya 20, halafu za Benki Kuu yetu kuanzia 1966. Mimi mgeni yeyote namwambia aanze na Muingereza kwa sababu ni rahisi kupatikana na bei haiumi. Shilingi yenye simba ya 1921 mpaka 1946 ina gramu 7.78 na robo yake ni silva, kuanzia 1948 silva haimo kabisa ila wauzaji wanakuuzia zote kama silva, we angalia mwaka tu. Kisha tafuta senti 5 na senti 10 za 1936 zenye jina la Edward VIII. Huyu mfalme aliachia kiti Desemba mwaka huohuo hata taji hajavishwa, ila hizi sarafu zina tundu katikati na hazina sura yake kwahiyo zilishatengenezwa na zikatumika huku kwetu kama kawaida, na mpaka leo unazipata kwa bei ndogo tu. Angalia pia viherufi vidogo vinavyoonyesha ilikotengenezwa, H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay, maana mwaka mmoja herufi tofauti bei inaweza kuachana mbali.

HATUA YA 2: Nunua vifaa kabla hujanunua sarafu. Mizani ya sonara inayosoma 0.01 ya gramu, sumaku kali, lenzi ya mara 10, na venia ya kupimia upana. Basi.

Rupia moja ya Mjerumani ina gramu 11.66 na upana wa milimita 30, silva yake ni asilimia 91.7. Ikinasa kwenye sumaku, rudisha hapohapo. Isiponasa bado usishangilie, fanya kipimo cha maji. Weka kikombe kidogo cha plastiki chenye maji juu ya mizani (glasi nzito itaizidi mizani), rudisha isome sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, soma namba. Sasa chukua uzito wa sarafu gawa kwa hiyo namba. Rupia halali inakupa kama 10.3, ikija 8 au 9 hiyo ni shaba au nikeli iliyopakwa tu. Kipimo hiki muuzaji mkweli hawezi kukukatalia, akianza kukuharakisha we ondoka.

HATUA YA 3: Jifunze kusoma mwaka. Pesa, yaani kile kisarafu cha shaba cha Sultani Barghash wa Zanzibar chenye picha ya mizani, imeandikwa 1299 kwa tarakimu za Kiarabu, na kuna watu wanaiuza eti ina miaka mia saba!! Hiyo ni Hijria jamani, ni kama 1882, na ziko nyingi. Riale ya Maria Theresa, ile sarafu kubwa ya silva ya Austria, nayo imeandikwa 1780 lakini iliendelea kutengenezwa na mwaka uleule kwa vizazi na vizazi, kwahiyo nyingi unanunua gramu 28 za silva ya asilimia 83, lipa kwa hesabu hiyo.

HATUA YA 4: USIOSHE. Ndimu, ukwaju, majivu, dawa ya kung'arishia shaba, vyote weka mbali. Ile rangi ya kahawia au nyeusi ndiyo kolekta anailipia, ukiing'arisha umekata bei mwenyewe.

HATUA YA 5: Pa kununua. Masonara wanaoletewa silva ya kuyeyusha, maduka ya antiki ya Mji Mkongwe, na wazee wenye vibweta ndani, ambao unamwamkia mzee shikamoo, unakaa, unaongea, bei inakuja mwisho. Ila sheria ipo: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kwahiyo vile visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa (ambavyo 1944 viliokotwa mpaka visiwa vya Wessel huko Australia, hebu fikiria) usinunue kwa mtu aliyechimba wala usijaribu kuvitoa nje ya nchi.

HATUA YA 6: Kuhifadhi. Unyevu wa pwani unakula shaba. Epuka mifuko laini ya PVC, inaacha ute wa kijani. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, weka kwenye boksi la sarafu.

HATUA YA 7: Hela iende wapi. Nunua moja safi badala ya kumi zilizochakaa. Za Mjerumani za Tabora 1916, heller (senti za rupia) 5 na 20 zilizogongwa kwenye karakana ya reli, bado mtu wa kawaida anazimudu. Rupien 15 (yaani rupia 15) ya dhahabu yenye tembo ni ya wenye nazo, na feki zake ni nyingi. Za kisasa kama shilingi 500 ya 2014 weka mpya kwa kujifurahisha tu, zimetoka nyingi mno. Za hifadhi ya wanyama za 1974, twiga wa shilingi 25, faru wa 50 na duma wa 1500, hizo angalau zina silva, na duma ni dhahabu.

Ukitaka kuuza, angalia bei zilizolipwa kwenye minada iliyokwisha, achana na bei zinazoombwa. Ile ya tembo ikikuangukia ipeleke kwanza PCGS au NGC, kampuni za Marekani za kukagua sarafu, wakaithibitishe, ila rupia iliyochakaa usijisumbue, ada yao itazidi bei ya sarafu.