Somo: kuchagua boti ndogo ya mashine kwa sisi wenye madiko ya mawe

Assalaam alaykum wanandugu. Hili somo nimeliahidi siku nyingi na kila nikikutana na watu naulizwa, leo nimekaa niliandike lote. Mie ni wa huku Kusini Unguja, diko letu mawe mwanzo mwisho, yale mawe makali yaliyojaa chaza, ukiteleza unanyanyuka na damu. Boti yangu ya sasa ni ya tatu, mbili za mwanzo zote zilifia pale pale pwani, hamna hata moja iliyofia baharini. Ndo mana somo langu lote limesimama hapo, boti unaichagua kwa diko inapolala, mambo ya mawimbi yanafuata baadae.

Hatua ya kwanza. Kabla hujamuuliza mtu bei subiri bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, saa nne saa tano asubuhi maji yameshakauka, shuka dikoni na kamba ya kupimia. Bamvua kwetu maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 kwahiyo utaona kila kitu ambacho boti yako itakuja kukaa juu yake. Tembea njia yote unayopitisha chombo, wapi mchanga, wapi jiwe limechomoza, na uhesabu hatua mpaka pale pa kulaza chombo. Mie nilipofanya hivo nilikuta jiwe moja kama meza katikati ya njia, miaka yote tunapita juu yake tu bila kufikiri, nikainama nikaangalia ukingo wake nikakuta una rangi za vyombo vya kijiji kizima, buluu, kijani, nyekundu, zimeganda pale kama mtu kapiga brashi. Hiyo rangi ndo tumbo la boti yako linavoliwa. Tulikusanyana watu wanne na nyundo na mtaimbo siku mbili tukalivunja, na kazi ile imenisaidia kuliko boti yoyote niliyonunua.

Hatua ya pili hesabu watu. Sio watu wa siku ya kushusha boti mpya mana siku ile kijiji kizima kinakuja, hesabu wale mnaorudi nao alfajiri mmechoka. Mtu mmoja juu ya mawe yenye utelezi mie simhesabii zaidi ya kilo 30. Mkiwa sita hiyo ni kilo 180, na hapo mashine mmeshaishusha (ya nguvu za farasi 15 peke yake inafika kilo 40 hivi), petroli mmeshusha, nyavu mmeshusha. Boti ya faiba ya futi 18 iliyojengwa sawasawa inaweza kupita kilo 300, sasa nyinyi sita hamtoinyanyua, mtaiburuza, na ikiburuzwa ndo habari imekwisha. Kwahiyo ama uchukue ndogo, ama muwe na magogo ya kuitelezeshea, ama uiache kwenye nanga, lakini uamue mapema.

Hatua ya tatu ndo yenye maneno mengi, kitu gani boti imejengewa.

Mbao mnazijua. Mvule na mninga zinavumilia, fundi yupo kila kijiji, ubao ukivunjika unatolewa unatiwa mwengine, kalafati (kuziba nafasi za mbao) inarudiwa. Lakini mbao inataka matunzo yasiyokatika, wale wadudu wanaotoboa mbao chini ya maji hawasubiri mtu, usipoipandisha ukaitia moto wa makuti chini na kupaka sifa (mafuta ya papa) au dawa basi ubao unabaki kama sega la nyuki. Tena mtetemo wa mashine unalegeza misumari, chombo cha tanga ukikipachika mashine kubwa kitakuvujia.

Faiba ndo wengi wetu tutanunua, na mie nnayo. Uzuri wake ni nyepesi kuliko mbao na ukiwa na resini (ile gundi ya maji inayoganda) na mati (mikeka ya nyuzi za kioo) unaitengeneza mwenyewe nyumbani. Ubaya wake haibonyei, inapasuka. Kwenye jiwe linaondoka kwanza lile koti la nje linalong'aa, ukishaona nyuzi nyeupe zimetoka kama makumbi ya nazi ujue maji yanaingia ndani ya faiba yenyewe na kila siku inazidi kuoza kwa ndani. Alafu faiba tupu inazama, ni nzito kuliko maji, kwahiyo lazima iwe na vyumba vya hewa au foma (povu gumu jepesi) ndani.

Alumini kwa mawe ni nzuri sana, ukigonga jiwe inabonyea na unarudi nyumbani. Tafuta ile ya baharini, namba yake 5083 au 5052, na bati la chini lisiwe chini ya milimita 3, mie ningetaka 4. Shida zake mbili. Moja, ikitoboka inataka mchomeleaji wa gesi ya agoni, huyu wa mageti ya chuma hawezi. Pili, alumini na shaba ni maadui ndani ya maji ya chumvi, rangi ya kuzuia chaza yenye shaba usiipake kabisa, hata kipande cha waya wa shaba kikidondoka chini ya sakafu kikakaa na maji ya chumvi kinatoboa bati taratibu bila wewe kujua.

Plastiki, nasema ile nzito ya jamii moja na mabomba meusi ya maji tunayofukia chini. Hii kwa mawe ndo kiboko. Inakwaruzika tu, haipasuki ovyo, yenyewe inaelea hata ikitoboka mana ni nyepesi kuliko maji. Ila boti yake inakuwa nene na nzito, na gundi haishiki wala resini haishiki, ikitoboka inachomelewa kwa hewa ya moto na kijiti cha plastiki ile ile. Chukua nyeusi kama ipo, nyeusi ndo inayovumilia jua.

Za mpira wa kujaza upepo kwenye chaza usithubutu.

Kwa hiyo ukiniuliza, plastiki ikipatikana karibu yako na mna watu wa kutosha chukua, alumini kama una mchomeleaji wa kumfikia, na kama huna yote hayo chukua faiba lakini uisimamie ikijengwa.

Hatua ya nne, umbo la tumbo. Watu wanapenda boti yenye tumbo kali kama kisu mana inakata wimbi la kusi vizuri, ni kweli inakata, lakini maji yakitoka inalala ubavu na kila wimbi dogo linaipigiza jiwe pale pale pamoja mpaka patoboke. Bapa kabisa inakaa vizuri lakini kwenye mawimbi inakupiga mgongo mpaka unatema mate. Tafuta omo (mbele) kali, na kuja tezi (nyuma) iwe inafunguka karibu na bapa. Na kama ni faiba, mwambie fundi mkuku (uti wa chini wa boti) na pembe za chini aziongeze tabaka tatu nne za mati zaidi, upana wa kiganja kila upande. Mwende pamoja siku hiyo, ukae hapo hapo uhesabu tabaka, zikishakauka huwezi kuziona tena.

Hatua ya tano, kama unanunua iliyotumika. Hapa nimeumia mwenyewe. Boti yangu ya pili niliinunua kwa mtu mjini, rangi mpya, inang'aa, nikafurahi. Mwezi wa kwanza tukiinyanyua watu sita, mwezi wa nne wanane hatuiwezi, tukalaumiana kwamba kuna mtu hanyanyui. Nikakata sakafu kwa msumeno, nikaichomoa foma nikaiminya, maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko kama sifongo. Maji yalikuwa yanaingia kwenye matundu ya skrubu za sakafuni tangu kabla haijawa yangu. Kwahiyo gonga tumbo lote kwa sarafu, palipo pazima panalia ti ti ti, palipooza panalia mzito kama unagonga papai. Kisha shika mashine kwa chini uitikise juu na chini, ule ubao wa tezi inapofungwa mashine ukicheza hata kidogo ujue ndani umeoza, ondoka. Na ukiona rangi mpya chini tu, huku juu imebaki ya zamani, muulize mwenyewe anaficha nini.

Hatua ya sita mashine, kwa ufupi. Boti ya futi 16 mpaka 18, mashine ya 15 inatosha kwa mshipi wa karibu, ukitaka kufuata jodari na nguru mbali fikiria 40 na boti kubwa zaidi. Pima kimo cha tezi kabla hujanunua, inchi 15 ni mguu mfupi, inchi 20 ni mguu mrefu, ukikosea mguu mrefu kwenye tezi fupi basi propela ndo ya kwanza kusalimia mawe. Propela chukua ya alumini, usichukue ya chuma kisichoshika kutu, ile ya alumini inavunjika yenyewe na kuinusuru gia, na uwe na ya akiba ndani ya boti na spana yake. Ukikaribia mawe zima, nyanyua mashine, shika upondo. Alafu usajili na leseni ya uvuvi usiache, na majaketi ya kuokolea yatoshe watu.

Nimemaliza, ulizeni.

Swali, kutoka Tumbe: Sheikh umetuelimisha. Mie nipo Pemba, navuka mkondo huu wa Pemba kwenda kutafuta jodari, diko letu nusu mchanga nusu mawe. Alumini nyepesi haitanisumbua kwenye upepo?

Jibu: Itakusumbua ami, nyepesi inarushwa, na mkondo wenu una kina cha mamia ya mita na kusi likikaza hapana mchezo. Kwa safari hiyo chukua faiba nzito ya futi 22 kwenda juu, omo ndefu, na uiache kwenye nanga upande wa mchanga, usifikirie kuivuta. Na beba mashine ya pili hata ndogo.

Swali, kutoka Jambiani: Kaka mie ni mkulima wa mwani, tumehamishia kamba zetu maji ya kina mana kule karibu maji yanachemka mwani unakufa. Tunataka boti ya kikundi, tuko wanawake saba, kubeba mwani mbichi tu. Tuchukue ipi?

Jibu: Dada hongereni. Nyinyi hamuhitaji mbio, chukueni bapa, pana, kingo fupi ili msivunjike viuno kupandisha magunia. Ikipatikana plastiki itawafaa sana kwenye mawe ya huko. Mashine ya 8 au ya 10 inatosha. Lakini mwani mbichi ni maji matupu, msijaze mpaka ukingo ukaribie maji, bora safari mbili.

Swali, kutoka Mkoani: Nikipigilia bati la chuma chini ya mkuku wa faiba sitamaliza tatizo?

Jibu: Kila skrubu ni tundu yakhe. Bati linazuia jiwe lakini maji ya chumvi yanakaa nyuma yake, yanafuata skrubu mpaka ndani, na chuma kikipata kutu kinavimba kinapasua faiba. Bora tabaka za mati, zikilika unaongeza.

Swali, kutoka Makunduchi: Ile jahazi ya ndara (kandambili) iliyotoka Lamu ikaja mpaka hapa, plastiki ile inafaa boti za uvuvi?

Jibu: Flipflopi, ndio, ilishushwa majini Lamu 2018 na mwaka 2019 ikasafiri mpaka Unguja, mafundi wa jahazi wameichonga plastiki ya takataka kwa zana zile zile za mbao. Inaonesha plastiki inaweza kuwa mataruma (mbavu za chombo) na ubao. Kwa boti ya mashine ya kuburuza mawe kila siku mie bado nataka ile ya kiwandani iliyo kipande kimoja, mana kila kiungo ni pa kuvuja.

Swali, kutoka Mtende: Yangu ishatoka zile nyuzi nyeupe ulizosema, urefu wa mkono mzima. Naipaka resini juu yake?

Jibu: Usipake leo. Ipandishe kivulini, kwangua mpaka ufike kwenye faiba nzima, upana uzidi jeraha kila upande, osha kwa maji ya kisima mara mbili tatu mana chumvi inaizuia resini kushika, kisha uiache wiki nzima ikauke. Lita moja ya resini hadina (dawa ya kuigandisha) mililita 10 mpaka 20, jua kali tia kidogo. Funika mdomo na pua ukikwangua. Ukifika siku ya kutia mati niite, nipo karibu nawe, nitakuja na rola langu.