Saa ya kuhesabu hatua kwa mgonjwa wa kiharusi, usiifunge mkononi

Mzee wangu hapa Ujiji ana kisukari na presha, kiharusi kikampiga upande wa kushoto, sasa anatembea na mkongojo mguu anauburuza. Mdogo wangu akatuma saa ya kuhesabu hatua toka Dar, nikamfunga mkono wa kushoto kama watu wote, mzee kaenda msikitini karudi na jioni saa inasoma hatua 41 😂 Kesho yake nikaivaa mimi nikifua, nimekaa kwenye kigoda, ikaniandikia mamia.

Iko hivi, ndani kuna kidude kinaitwa akselerometa, kinasikia mtikisiko tu, hakijui mguu ni nini. Mkono uliopooza hautikisiki, kwahiyo hamna hatua, ila ukitwanga kisamvu au ukipanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo inaweza kukuhesabia.

Dawa yake mfunge kwenye kifundo cha mguu, ule mzima. Mkanda ulegee kidole kipite, na kwa mwenye kisukari hapa usifanye mchezo, miguu ikishakuwa na ganzi hasikii mkanda ukimkata, kwahiyo vua kila usiku umulike ngozi na tochi, ukiona wekundu au lengelenge acha kabisa mpaka wa kliniki waone.

Afu ipime saa yenyewe kabla hujaiamini. Tembea naye taratibu, hesabu kwa mdomo hatua 100, angalia imesema ngapi. 90 na kitu poa. Ikisema 60 sogeza mkanda kidogo urudie, isipobadilika na kila siku inakosea vilevile bado itakufaa maana unamlinganisha mzee na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita, sio na jirani. Zile hatua 10,000 wanazoimba watu zilianzia kwenye tangazo la kifaa cha Japani mwaka 1965, achana nazo.

Wiki ya kwanza usimsukume, mwache aishi kawaida we andika tu kwenye daftari, na pembeni weka sababu: mvua, msiba, kapanda kilima cha Mwanga. Bila hizo sababu namba zitakuchanganya.

Mara moja kwa wiki pima na mwendo. Kamba ya mita 10 pahali tambarare, aanze mita 2 nyuma yake na apitilize mbele, we unahesabu sekunde za zile 10 tu. Sekunde 20 ni nusu mita kwa sekunde. Tembea ubavuni kwake asije kudondoka.

Hatua zikishuka siku tatu nne bila sababu beba daftari nenda kliniki, dawa zake usizibadilishe mwenyewe. Ila mdomo ukipinda, mkono ukilegea ghafla au maneno yakikwama, saa haina kazi hapo, hospitali saa hiyohiyo.

Na muombe ruhusa kwanza jamani, wangu aliniuliza "kwani mimi mbuzi mnifunge mguuni?" Nikamsomea daftari, siku hizi chaji ikiisha yeye ndo anapiga kelele.