Draiva za laptopu ya zamani: soma namba ya kifaa kabla ya kupakua chochote

Laptopu nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Mwanza ni za kati ya mwaka 2008 na 2013, ambazo ziliingia nchini zikiwa zimeshatumika, kisha zikawekewa Windows 10 na mtu aliyeona kazi imekwisha mara skrini ilipowaka. Mwenye mali huja kugundua kasoro akiwa nyumbani: Waifai haionekani, sauti haitoki, au printa inaunguruma bila kutoa karatasi. Mara nyingi kinachokosekana ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa fulani. Mfano nitakaoutumia ni wa laptopu ya duka la fotokopi huko Nansio, Ukerewe, iliyokuwa imevushwa ziwa mara mbili kwa ajili ya Waifai ile ile, ikarudi kisiwani bila kupona, na mara ya tatu ikaletwa kwangu.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba tatizo ni la draiva

Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika devmgmt.msc, kisha bonyeza Enter. Dirisha litakalofunguka lina orodha ya vifaa vyote, na chenye hitilafu kina alama ndogo ya njano. Kibofye mara mbili usome namba ya kosa. Namba 28 inamaanisha kwamba draiva haijawekwa kabisa, na kwa kawaida hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Namba 10 inamaanisha kwamba kifaa kimeshindwa kuanza, mara nyingi kwa sababu draiva iliyopo haikifai. Namba 52 inahusu draiva ambayo saini yake ya kidijitali, yaani alama ya kuonesha ilikotoka, haijathibitishwa. Namba 43 inataka subira, kwa kuwa kifaa chenyewe ndicho kilichotoa taarifa ya hitilafu. Kama kimechomekwa kwa USB, badilisha waya na tundu kwanza. Nimewahi kutoa kwa kibano mizoga ya wadudu wa ziwani ndani ya tundu la USB, printa ikaamka bila draiva mpya.

Kifaa kisipoonekana kabisa kwenye orodha, hakuna draiva itakayokileta. Laptopu za zamani nyingi zina swichi ya Waifai pembeni au mbele, na ni aibu kwa fundi kuigundua baada ya saa mbili za kazi.

Hatua ya 2: Soma namba ya kifaa

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Wanasoma kibandiko kilicho chini ya laptopu, wanakwenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, wanapakua draiva ya Waifai iliyoorodheshwa kwa modeli hiyo, kisha wanashangaa inapokataa. Kibandiko hueleza namna mashine ilivyotoka kiwandani, wala hakina habari za miaka 12 iliyofuata, ambamo kadi huenda ilikufa na kubadilishwa. Tena, hata kiwandani modeli moja huweza kutolewa ikiwa na kadi za aina mbili au tatu tofauti.

Kwenye dirisha la kifaa, fungua kichupo cha Details, kisha katika orodha inayoshuka chagua Hardware Ids. Utaona mistari kadhaa inayofanana na PCI\VEN_168C&DEV_002B, ikifuatiwa na SUBSYS na REV. Tarakimu nne baada ya VEN humtaja mtengenezaji wa chipu: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 10DE ni NVIDIA na 1002 ni AMD, ikiwa pamoja na chipu za ATI. Tarakimu nne baada ya DEV hutaja chipu yenyewe. Vifaa vya USB hutumia VID na PID badala yake. Kwa mfano, VID_03F0 ni HP na VID_04A9 ni Canon.

Laptopu ya Nansio ilipaswa, kwa mujibu wa tovuti ya mtengenezaji wake, kuwa na kadi ya Intel. Namba ilisomeka 168C na 002B, yaani Atheros AR9285. Mtu fulani aliibadilisha kadi zamani, na mwenye duka hakuwa na habari. Safari mbili za kwanza laptopu ilikuwa inalishwa draiva ya kadi isiyokuwemo.

Hatua ya 3: Tambua kama mfumo ni wa biti 32 au 64

Andika msinfo32 mahali pale pale ulipoandika amri ya kwanza, na usome mstari wa System Type. Ukiona x64, unahitaji draiva ya biti 64; ukiona x86, ni ya biti 32, na moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine. Folda iliyoandikwa amd64 isikutishe kama laptopu yako ina prosesa ya Intel, kwa sababu jina hilo hutumika kwa mifumo ya biti 64 ya kampuni zote mbili.

Hatua ya 4: Tafuta draiva kwa namba hiyo

Kama Waifai ndiyo iliyokufa, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe huduma ya kugawa intaneti. Windows 10 huitambua simu nyingi za Android bila draiva ya ziada. Angalia bando lako kwanza, maana Windows ikishaonja intaneti huanza kupakua masasisho yake yenyewe.

Fungua catalog.update.microsoft.com na ubandike PCI\VEN_168C&DEV_002B, au namba ya kifaa chako, ukiacha sehemu ya SUBSYS. Faili utakalopata huishia na .cab. Tengeneza folda ya kulifungulia, kisha kwenye dirisha la amri (Command Prompt) andika:

expand -F:* C:\draiva\faili.cab C:\draiva\waifai

Programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja sizitumii. Nyingi huja na mizigo mingine, na hazikuambii zimekisia nini.

Hatua ya 5: Weka draiva kwa mkono

Fungua kwanza faili lenye mwisho wa .inf kwa Notepad na utafute VEN_168C&DEV_002B. Isipokuwemo, draiva hiyo si ya kifaa chako, hata jina la folda liwe limefanana namna gani. Ikiwemo, rudi kwenye orodha ya vifaa, bofya kifaa kwa kitufe cha kulia, chagua Update driver, kisha Browse my computer for drivers, na uoneshe folda uliyoifungua.

Draiva za Windows 7 za Waifai na sauti mara nyingi hukubali kufanya kazi kwenye Windows 10. Kadi za picha ndizo zenye ukaidi: zilizoandikiwa Windows XP hazikubaliki kabisa kuanzia Windows 8, kwa hiyo usipoteze bando. Kuzima ukaguzi wa saini wakati wa kuwasha mashine kunadumu hadi itakapowashwa upya tu, na mteja atakurudia kesho akiwa na kosa namba 52.

Draiva ikikataa bila maelezo, fungua C:\Windows\INF\setupapi.dev.log na utafute alama tatu za mshangao zilizofuatana, kwani hapo ndipo makosa huandikwa.

Hatua ya 6: Kishuku kifaa chenyewe

Hatua zilizotangulia zisipofaulu, washa laptopu kwa flashi yenye Linux Mint, mfumo endeshi mwingine usio Windows, bila kuiweka kwenye diski, fungua dirisha la amri (Terminal) na uandike lspci -nnk. Kadi ya AR9285 itaonekana kama 168c:002b, na draiva yake huitwa ath9k. Waifai ikifanya kazi hapo, kadi ni nzima na kasoro iko upande wa Windows. Isipofanya kazi huko pia, mweleze mteja ukweli na umtajie bei ya kadi nyingine.

Hatua ya 7: Hifadhi draiva kabla mteja hajaondoka

Zima laptopu kabisa, iwashe tena, ilaze na uiamshe, ukiangalia kila mara kama Waifai inarudi. Kisha fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, chomeka flashi, tengeneza ndani yake folda ya draiva, na uandike amri hii ukibadilisha herufi E kulingana na flashi yako:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Amri hii hunakili draiva za ziada zilizowekwa, ambazo siku Windows ikiwekwa upya zitarudishwa kwa Hatua ya 5 bila intaneti wala nauli ya meli. Flashi ya laptopu ya Nansio niliiandikia kwa kalamu ya wino mzito 168C 002B, nikaiweka kwenye mfuko wa chaja.