Mazoezi ya usawa na miguu kwa mgonjwa wa MS: jua kwanza mguu unakosa nini

Mama mmoja niliyemfanyisha mazoezi kwa miezi kadhaa aliweza kuvuka chumba kizima bila kushika kitu, lakini kila asubuhi alipojipaka sabuni usoni na kufumba macho mbele ya beseni, mwili ulimwendea nyuma kama mtu aliyesukumwa kifuani. Nyumbani waliamini kuwa miguu imemwisha nguvu, na kijana wake akawa anamkalisha na kumsimamisha mara 20 kila jioni ili mapaja yakaze. Mapaja hayakuwa na tatizo lolote. Kilichokosekana ni taarifa kutoka kwenye nyayo, ambazo zilikuwa zimekufa ganzi kiasi kwamba ubongo haukujua tena uzito wa mwili umeelemea wapi. Macho yalikuwa yakifanya kazi ya nyayo, na yalipofumbwa hapakubaki wa kuifanya.

Kosa la familia ile ndilo ninalokutana nalo mara nyingi: mazoezi huchaguliwa kabla ya kujulikana mguu unakosa nini. Katika ugonjwa wa MS, yaani maltipo sklerosisi, kinga ya mwili hushambulia mayelini, ganda la mafuta linalozungushia neva za ubongo na uti wa mgongo, na pale ganda linapobanduka ujumbe huchelewa au hukatika njiani. Kwa kuwa madoa ya ugonjwa huweza kutokea popote katika ubongo na uti huo, wagonjwa wawili wanaoyumba kwa namna inayofanana machoni pa majirani wanaweza kuwa na matatizo mawili yasiyohusiana kabisa, na zoezi linalomfaa mmoja likawa la kupoteza muda kwa mwingine.

Kwa hiyo siku ya kwanza ni ya kupima tu. Mkalishe mgonjwa kwenye kiti kigumu, umwombe ainue vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko huku kisigino kikibaki sakafuni. Mguu unaoshindwa, au unaoweza mara tano za mwanzo kisha ukalegea, una udhaifu, na bila shaka ndio unaokwangua sakafu anapotembea. Kisha, akiwa amelegeza mguu, ushike goti na kifundo, ulikunje goti haraka: likikwama katikati ya mwendo halafu likaachia, huo ni ukakamavu wa misuli, na mara nyingi mgonjwa wa namna hiyo atakuambia kwamba akikanyaga kwa ncha ya mguu kisigino huanza kuchezacheza chenyewe. Kipimo cha tatu ni cha macho. Msimamishe konani, mgongo ukielekea kwenye kona na kiti kikiwa mbele yake, miguu ikiwa pamoja, kwanza macho wazi kwa sekunde 30, kisha macho yafumbwe. Anayesimama vizuri macho yakiwa wazi na kupepesuka yanapofumbwa ana tatizo la hisia za miguu, kama yule mama wa beseni. Anayeyumba hata macho yakiwa wazi na kutembea kwa kutanua miguu, na ambaye kisigino chake hupiga zigizaga anapoambiwa akiteremshe polepole juu ya ugoko wa mguu mwingine, tatizo lake huenda liko kwenye ubongo mdogo wa nyuma unaoratibu mwendo. Wengi wana mchanganyiko, lakini karibu kila mara lipo moja linalowaangusha kuliko mengine, na hilo ndilo la kuanza nalo.

Mtaalamu wa fiziotherapia atakuwa na vipimo vyake rasmi, hasa kile cha usawa kiitwacho kipimo cha Berg, chenye majaribio 14 na alama 56. Nyumbani inatosha kuwa na daftari na saa: mgonjwa ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi, na sekunde ziandikwe. Rudia kila baada ya wiki mbili, saa ileile na kwa kiti kilekile, kwa sababu mgonjwa huyohuyo akipimwa asubuhi na akipimwa alasiri huonekana kama watu wawili.

Tofauti hiyo ya saa inahitaji kuelezwa kwa kirefu, hasa kwetu wa pwani. Mwaka 1890 daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alieleza wagonjwa ambao macho yao yalififia walipojichosha, na baadaye ikaeleweka kwamba chanzo ni joto la mwili: neva iliyopungukiwa na mayelini hupitisha ujumbe kwa shida zaidi inapopata moto, na ongezeko la nusu nyuzi tu laweza kutosha. Fikiria basi mgonjwa wa Tanga au Mombasa anayefanyishwa mazoezi saa tisa alasiri mwezi Februari, chini ya bati. Miguu italegea kama uji, naye ataamini kwamba mazoezi yamemzidishia ugonjwa. Hayajamzidishia, mwili ukipoa, nguvu hurudi, kwa kawaida ndani ya saa moja hivi, na hakuna neva iliyoharibika kwa sababu hiyo. Hata hivyo mtu akishaogopa ni vigumu kumrudisha zoezini. Fanyeni mazoezi baada ya alfajiri, feni ikiwaka, akiwa amekunywa maji baridi na ana kipande cha kanga kilicholowanishwa shingoni, na mgawanye kazi vipande vya dakika 10 badala ya nusu saa mfululizo. Kwa sababu hiyohiyo homa yoyote, iwe ya malaria au ya maambukizi ya njia ya mkojo, huweza kuilegeza miguu ghafla. Siku hiyo hakuna mazoezi, kuna kipimo cha damu na mkojo. Dalili mpya inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi ni shauri jingine, na mgonjwa anapaswa kumwona daktari wake wa neva bila kungoja miadi.

Sasa mazoezi yenyewe. Mwenye udhaifu aanze na kuinuka kitini bila kutumia mikono, mara 8 hadi 10, apumzike dakika mbili, kisha arudie mizunguko miwili. Ubora wa zoezi hili uko katika kushuka: ahesabu hadi nne akiteremka, kwa sababu mwili unaojibwaga kitini haujajifunza kitu. Baadaye ashike meza, ainue visigino, kisha ainue vidole. Siku mbili kwa wiki za mazoezi ya nguvu, pamoja na siku mbili za mwendo wa wastani wa dakika 30, kama kutembea au kuendesha baiskeli isiyoondoka, ndicho kiwango kinachopendekezwa kwa wenye ulemavu mdogo hadi wa kati, na nionavyo mimi anayefika nusu yake kwa uaminifu amefanya vizuri. Kwa muda mrefu wagonjwa wa MS waliambiwa wapumzike na wasijichoshe. Ushauri huo umeachwa, ila bado nakutana na ndugu wanaompokonya mgonjwa hata ufagio kwa kumhurumia.

Mwenye kukakamaa anahitaji kunyoosha misuli kila siku, si mara mbili kwa wiki. Asimame akiuelekea ukuta, viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, goti la nyuma limenyooka na kisigino kikiwa chini kabisa, kisha aegemee mbele mpaka ahisi shavu la mguu likivutika, akae hapo sekunde 30 hadi dakika nzima bila kujirusharusha, kwani kuvuta kwa ghafla ndiko kunakoichokoza misuli ijikaze. Lakini usiwe na pupa ya kuuondoa ukakamavu wote. Wapo watu ambao paja lao ni dhaifu kiasi kwamba ule ugumu ndio nguzo wanayosimamia, na niliwahi kuona mtu aliyeongezewa dozi ya baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, akalainika vizuri kitandani na kushindwa kabisa kusimama. Daktari anapobadilisha dawa hiyo, mweleze jinsi mgonjwa anavyosimama na kutembea, wala usiishie kueleza maumivu ya usiku. Na kamwe msiiache ghafla kwa uamuzi wenu.

Kwa ganzi ya nyayo, rudini kwenye ile kona. Kanuni yake ni kumweka mgonjwa mahali anapoyumba kidogo lakini hawezi kudondoka, kwa maana usawa haufundishiki kwa kushikiliwa muda wote. Hatua ya kwanza ni miguu pamoja, macho wazi. Ya pili, mguu mmoja nusu hatua mbele ya mwingine. Ya tatu, kisigino cha mmoja kigusane na vidole vya mwingine. Katika kila hatua aanze kwa kutazama mbele, kisha ageuze kichwa kushoto na kulia, halafu afumbe macho, na asihamie hatua inayofuata mpaka amalize sekunde 30 mara tatu bila kugusa ukuta. Akifaulu kwenye sakafu, kunja godoro jembamba la sponji asimame juu yake, uone atakavyorudi kuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Yule mama tulimfikisha hatua ya tatu akiwa peku kwenye mkeka mbavumbavu, ambao aliuhisi vizuri kuliko vigae, lakini wakati huohuo tulimwekea kiti mbele ya beseni, kwa sababu mazoezi huchukua wiki na uso huoshwa kila siku.

Asiyeratibu mwendo hufaidika na mazoezi yaliyobuniwa mwishoni mwa karne ya 19 na daktari wa Uswisi, Heinrich Frenkel, kwa ajili ya wagonjwa wa kaswende iliyoingia kwenye uti wa mgongo. Chora alama za nyayo sakafuni kwa chaki, mgonjwa aweke mguu juu ya kila alama taratibu huku akihesabu kwa sauti, akiutazama mguu. Akiharakisha, zoezi limeharibika, kwa hiyo mrudishe mwanzo bila kumkaripia. Hata ameketi anaweza kulifanya, akipeleka kisigino kutoka alama moja hadi nyingine.

Msaidizi asimame upande wa mguu dhaifu, nyuma kidogo, akishika mkanda mpana uliofungwa kiunoni mwa mgonjwa. Kumshika mkono ni kosa, maana akianguka utamtegua bega na ataanguka vilevile. Fimbo hushikwa kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu mbovu, na mpini wake ufike kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapofungwa, mikono ikiwa imening'inia. Kwenye ngazi, mguu wenye nguvu hutangulia kupanda na ulio dhaifu hutangulia kushuka. Kandambili ziondoke kabisa: mguu unaolegea kwenye kifundo huziburuta na ncha yake hujikunja chini ya wayo. Viatu vyenye mkanda wa nyuma na soli nyembamba isiyoteleza ndivyo vinavyofaa, na kama mguu bado unakwangua, muulize mtaalamu kuhusu kifaa cha plastiki cha kushikilia kifundo kinachovaliwa ndani ya kiatu. Angalieni pia njia ya kwenda msalani usiku, kwa kuwa ugonjwa huu huharakisha mkojo, na mtu anayekimbilia choo gizani hana macho wala muda. Taa ndogo na ndoo au kopo karibu na kitanda huzuia kuanguka kuliko zoezi lolote nililolieleza hapa.

Kuinuka baada ya kuanguka nako hufanyiwa mazoezi, juu ya mkeka, siku ambayo hakuna aliyeanguka. Mgonjwa atulie kwanza na kuhakiki kama kuna mahali panapouma sana. Kama nyonga inauma au mguu umepinda, asiinuliwe. Akiwa salama, ajigeuze ubavu, ajiinue kwa kiwiko hadi akae kwa mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti kizito kilichoegemezwa ukutani, aweke mikono miwili juu yake, aulete mbele mguu wenye nguvu ukanyage sakafu, kisha asukume na kuzungusha makalio aketi. Akae hapo dakika tano, anywe maji, na katika lile daftari iandikwe saa aliyoanguka, viatu alivyovaa na alichokuwa akikifanya.