Upara wa ujanani na uamuzi wa kupandikiza nywele: mwongozo kwa kijana wa Moshi

Mara nyingi kinyozi ndiye anayegundua kwanza. Kijana wa miaka 22 anaketi kwenye kiti cha saluni huko Majengo au karibu na soko la Mbuyuni, mashine inawashwa, na kinyozi anapofika kuchonga mstari wa mbele anasita, kwa sababu mstari wa mwezi uliopita hauna tena nywele za kuushikilia penye mapanja. Hasemi kitu, anauinua mstari juu kidogo, na mwezi unaofuata anauinua tena. Watu hutania kwamba kipara ni dalili ya fedha, lakini kijana ambaye bado anatafuta ajira haoni fedha hiyo ilipo, na usiku anafungua simu na kukutana na matangazo ya kliniki za Istanbul yenye picha za vichwa vilivyojaa nywele ndani ya mwaka mmoja.

Picha hizo zinaweza kuwa za kweli, ila hazionyeshi yaliyotangulia wala yatakayofuata miaka kumi baadaye. Mwongozo huu unahusu mpangilio: kwanza ujue ni kitu gani kinachoziondoa nywele zako, kisha ukizuie kwa dawa inapowezekana, na upasuaji uje mwisho, kwa kuwa nywele za kupandikiza hutolewa kichwani mwako mwenyewe na zikishatumika hazina mbadala.

Kujua unachokiugua

Mtu mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku bila dosari yoyote. Kila unywele hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kwa takriban miezi 3, kisha huanguka ili mwingine uchukue nafasi yake. Kwa hiyo nywele zilizoshikana na taulo si ushahidi wa kutosha. Ushahidi ulio bora ni picha: simama mahali pamoja penye mwanga uleule, piga picha ya paji la uso, ya mapanja yote mawili, ya utosi na ya kisogo, halafu rudia baada ya miezi 3 na baada ya miezi 6, nywele zikiwa na urefu uleule.

Upara wa kawaida wa wanaume una ramani yake. Huanza kwenye mapanja au utosini, mara nyingine pote pawili, na huacha nywele za kisogoni na za juu ya masikio zikiwa salama. Chanzo chake ni homoni ya kiume, testosteroni, ambayo hubadilishwa mwilini kuwa dihidrotestosteroni. Mizizi ya nywele iliyorithi wepesi wa kudhurika na homoni hiyo hunywea kidogo kidogo, na kila mzunguko hutoa unywele mwembamba na mfupi zaidi hadi ubaki kama vinyweleo laini vya malaika. Mtaalamu wa anatomia James Hamilton wa Marekani alionyesha mwaka 1942 kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara huu, na daktari O'Tar Norwood alipanga hatua zake saba mwaka 1975 katika kipimo ambacho madaktari wanakitumia hadi leo. Urithi hutoka pande zote mbili, si kwa wajomba peke yao kama wengi wanavyoamini. Methali ya mwenzako akinyolewa, zako tia maji inafaa hapa karibu neno kwa neno: tazama kichwa cha baba, cha baba wadogo na cha wajomba, uone vilivyokuwa walipofika miaka 40.

Hata hivyo si kila kichwa kinachopungua nywele kina upara wa kurithi, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kijana aliyelazwa kwa homa ya matumbo au malaria kali anaweza kuona nywele zikitoka kwa mafungu miezi 2 au 3 baada ya kupona, akadhani ni upara, ilhali nywele hizo hurudi zenyewe. Mabaka ya mviringo yaliyo laini kabisa, yanayojitokeza ghafla, huashiria kinga ya mwili kushambulia mizizi ya nywele. Mashilingi, yenye magamba na nywele zilizokatika, ni ugonjwa wa fangasi unaowapata zaidi watoto, ingawa mashine ya kunyolea isiyosafishwa inaweza kuueneza. Kaswende katika hatua yake ya pili huacha vipengo vipengo kichwani, kana kwamba nondo wamekula nguo. Rasta na nywele zilizosukwa kwa kubana sana huzing'oa nywele za pembeni, na zikivutwa kwa miaka mingi mizizi hufa. Tezi ya thairoidi nayo huhusika, kadhalika upungufu wa madini ya chuma. Sindano za homoni zinazopitishwa kimyakimya katika baadhi ya jimu huharakisha upara kwa aliyeurithi, na mtumiaji mara nyingi hamwelezi daktari.

Vipele vya kisogoni vinastahili aya yao. Wanaume wengi wa Kiafrika wanaonyoa hadi ngozini hupata vipele vigumu nyuma ya shingo, vinavyowasha, na hatimaye kuungana kuwa kovu nene lisilootesha nywele. Kwa kawaida mtu huvipuuza kwa sababu havionekani kwenye kioo. Kwa anayefikiria upandikizaji, hata hivyo, kisogo ndicho ghala la mbegu, na kisogo chenye vipele na makovu ni ghala lililoingia fukusi. Vitibiwe mapema, na kinyozi aambiwe aache nywele fupi badala ya kukwangua kwa wembe.

Wakazi wa Moshi wana bahati ambayo miji mingi ya Afrika Mashariki haina. Katika eneo la Hospitali ya KCMC kipo Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992, ambako wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika wamefundishwa. Unaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Mawenzi na kuomba rufaa. Eleza lini ulianza kuona mabadiliko, umeugua nini mwaka huu, unatumia dawa zipi, na nani katika ukoo ana upara. Daktari atakagua ngozi kwa kikuzaji maalumu, anaweza kuagiza vipimo vya damu, na akishuku ugonjwa unaoacha makovu atakata kipande kidogo cha ngozi chini ya ganzi ili kichunguzwe maabara. Ngozi ya kichwa yenye maumivu, usaha au makovu isipelekwe kwa mpandikizaji kabla ya hatua hiyo, kwa sababu ugonjwa ukiwa hai utaviua na vipandikizi.

Dawa kwanza

Dawa mbili zina ushahidi wa kutosha. Minoksidili ilitumika kwanza kama kidonge cha shinikizo la damu, hadi ilipoonekana kwamba wagonjwa wanaota nywele. Ile ya kupaka iliidhinishwa Marekani mwaka 1988, nayo ni dawa ileile ambayo vijana wetu huipaka kidevuni wakitafuta ndevu. Kwa upara, yenye nguvu ya asilimia 5 hupakwa kwenye ngozi kavu ya kichwa, mililita 1 mara mbili kwa siku. Katika wiki za mwanzo nywele zinaweza kuanguka zaidi, jambo linalowafanya wengi waitupe chupa siku zilezile ambazo dawa imeanza kazi. Matokeo huonekana baada ya miezi 4 hadi 6, na ukiacha kuitumia, ulichokipata hupotea ndani ya miezi michache.

Finasteridi, kidonge cha miligramu 1 kwa siku kilichoidhinishwa kwa upara mwaka 1997, huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa ile homoni inayofanya mizizi inywee. Huimarisha hali kwa wanaume wengi, ila kwa wachache hupunguza hamu ya tendo la ndoa au nguvu za kiume, na wapo walioripoti huzuni nzito na madhara yaliyoendelea hata baada ya kuiacha. Kwa hiyo itumike kwa ushauri wa daktari, na mwanamke mjamzito asiguse vidonge vilivyovunjika, kwani dawa hiyo inaweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni.

Nunua dawa zilizosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mafuta ya nazi, ya mnyonyo na ya mwarobaini hulainisha nywele, nami sina ugomvi nayo, ila hayazuii homoni. Ninachokiogopa ni mkebe usio na lebo unaouzwa kwa siri, kwa kuwa krimu za namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali inayoikondesha ngozi.

Wakati wa kufikiria upasuaji

Upandikizaji hauongezi hata unywele mmoja kichwani; unahamisha tu. Daktari wa Kijapani Shoji Okuda aliandika kuhusu mbinu hiyo mwaka 1939, na Norman Orentreich wa New York alieleza mwaka 1959 kwa nini inafanikiwa: mzizi uliotolewa kisogoni hubaki na tabia ya kisogo hata ukipandwa kwenye paji la uso. Anayejua kihamba, shamba la migomba la Wachaga, ataelewa haraka, kwa tofauti moja kubwa. Ukichimbua chipukizi la mgomba ukalihamishia upande mwingine wa kihamba, shina mama hutoa jingine, kisogo hakitoi. Akiba ya mtu wa kawaida hukadiriwa kuwa vipandikizi 4,000 hadi 6,000 kwa maisha yote, na kikao kimoja kinaweza kumeza 2,000.

Hapo ndipo umri unapokuwa na uzito. Kijana wa miaka 20 akitumia akiba yake kujaza mapanja ili afanane na picha yake ya kidato cha nne, upara wake hautasimama eti kwa sababu amepandikizwa. Nywele za asili zilizo nyuma ya zile zilizopandwa zitaendelea kuondoka, na akifika miaka 35 atakuwa na ukingo wa nywele mbele, uwanja mtupu nyuma yake, na kisogo kisicho na cha kutoa. Ndiyo maana wapasuaji waangalifu hupendelea kusubiri hadi miaka 25 au zaidi, wakiwa wamemwona mtu huyo kwenye dawa kwa angalau mwaka mmoja, picha zikionyesha kwamba hali imetulia. Mtu ambaye nywele zake zimepungua kichwa kizima, kisogo kikiwamo, hafai kabisa kwa upasuaji huu. Mstari wa mbele nao uchorwe wa mtu mzima, uliopanda kidogo penye mapanja, kwa kuwa atauvaa hata akiwa babu.

Nywele zetu zina neema na mtihani kwa wakati mmoja. Kwa kuwa zimejisokota, chache hufunika eneo kubwa, hivyo vipandikizi vichache huonekana vingi. Lakini mzizi nao umepinda chini ya ngozi, na mpasuaji anayetoboa mzizi mmoja mmoja kwa kifaa chenye upana wa takriban milimita 1 anaweza kuukata bila kuuona. Njia nyingine, ya kukata ukanda wa ngozi kisogoni na kuutenganisha chini ya darubini, huihifadhi mizizi vizuri zaidi, ila huacha kovu la mstari litakaloonekana kila utakaponyoa kipara. Muulize mpasuaji amewahi kuhudumia vichwa vingapi vyenye nywele za aina yako, na uombe kuona picha zao. Kama wewe au ndugu zako mna makovu yanayovimba kupita ukubwa wa jeraha, liseme mapema. Daktari makini atapandikiza vichache vya majaribio na kusubiri miezi kadhaa.

Uliza pia ni nani hasa atakayeshika kifaa. Zipo kliniki za nje ambako daktari huonekana dakika tano za kusalimia, kisha wasaidizi wanafanya kazi yote. Kwa daktari wa hapa nchini, thibitisha usajili wake kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa safari ya nje, panga kabla ya kulipa nani atakutazama Moshi ukipata maambukizi kwenye vidonda, na ujumlishe gharama ya kikao cha pili pamoja na dawa za miaka mingi, kwa kuwa bima kwa kawaida huuhesabu upasuaji huu kuwa wa urembo.

Siku yenyewe na mwaka unaofuata

Upasuaji hufanyika kwa ganzi ya sindano na huchukua saa 4 hadi 8. Usiku wa kwanza na zile zinazofuata hulaliwa kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito. Magamba huanguka baada ya siku 7 hadi 10 na hayakwanguliwi. Wiki ya 2 hadi ya 6 nywele zilizopandwa huanguka karibu zote, na hiyo ni kawaida, kwani mizizi imebaki. Mpya huanza kuchomoza mwezi wa 3 au wa 4, na hukumu ya haki hutolewa baada ya miezi 12.

Kwa kazi za mji huu, tarehe ina maana kubwa. Dereva wa bodaboda hawezi kuvaa helmeti inayobana kwa siku za mwanzo, na hawezi kuendesha bila helmeti, kwa hiyo apange likizo ya wiki mbili au zaidi kwa maelekezo ya mpasuaji. Mwongoza watalii au mpagazi wa Mlima Kilimanjaro ana jua kali la juu, jasho, na mzigo unaobebwa kichwani au shingoni. Kwake yeye wakati mzuri ni wa masika, mwezi Aprili, wageni wanapopungua, ili kufikia Juni ngozi iwe imepona na iweze kuvumilia kofia. Mzigo wa kichwani asiurudie mpaka daktari amkague tena.