Somo: Kumwanzisha mtoto asiyeona kusoma na kuandika nukta nundu

Somo hili ni la walimu wa madarasa ya mwanzo na wazazi wa mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu anayeanza nukta nundu, yaani maandishi ya nukta zilizoinuka (Braille) yanayosomwa kwa vidole. Linahusu miezi ya kwanza tu, kwa sababu hapo ndipo mazoea mabaya ya vidole huota mizizi, na kuyang'oa baadaye ni kazi kubwa kuliko kuyazuia. Mzazi anayeona asisubiri kozi. Alfabeti hii ina utaratibu unaoshikika haraka sana kwa macho.

Kila herufi hukaa ndani ya seli ya nukta sita. Safu ya kushoto ni 1, 2, 3 kutoka juu kwenda chini, na ya kulia ni 4, 5, 6. Herufi a hadi j hutumia nukta nne za juu peke yake. Ukiziongezea nukta 3 herufi hizo kumi unapata k hadi t. Ukichukua tano za mwanzo, a hadi e, ukaziongezea nukta 3 na 6, unapata u, v, x, y, z. Iliyobaki nje ni w (2-4-5-6), kwa kuwa Louis Braille alipanga mfumo wake kwa Kifaransa, na wakati huo w haikuhesabiwa miongoni mwa herufi zake. Tarakimu ni a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba (3-4-5-6): a ni 1, i ni 9, j ni 0.

Hatua ya 1: Karatasi, meza, mkao

Tumia karatasi nene, ya gramu 120 hadi 160 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya kuchapia, ya gramu 80, inaweza kuonekana sawa siku ya kwanza, lakini nukta zake hulala baada ya kusomwa mara chache, na mtoto hulaumiwa kwa kushindwa kusoma kitu ambacho hakipo tena. Tandika chini ya karatasi kitu kisichoteleza. Meza iwe chini kiasi cha kuacha viwiko vikunjike karibu pembe mraba na viganja vielee; meza ikiwa juu, mtoto huegemeza mikono na vidole hukosa wepesi. Mazoezi ya mwanzo acha mstari mmoja mtupu kila baada ya mstari.

Hatua ya 2: Vidole kabla ya herufi

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Andika mistari mizima ya seli zenye nukta zote sita, halafu mistari yenye mapengo, halafu mistari inayoishia mahali tofauti. Mtoto ateleze toka kushoto kwenda kulia, aseme palipo na pengo na mstari unapokwisha, kisha arudi kwenye mstari huohuo na kushuka kwenye unaofuata. Asiulizwe herufi yoyote bado.

Angalia vitu vitatu. Kwanza, vidole vya shahada vya mikono yote miwili viwe pamoja, vingine vimepinda kidogo na kugusa kwa wepesi. Pili, kinachosoma ni sehemu yenye nyama ya ncha ya kidole, wala si ukingo wa kucha. Tatu, mgandamizo uwe mdogo: ukiona ncha ya kidole imebadilika rangi, anakandamiza mno.

Kosa kubwa ni kusugua, yaani kidole kupanda na kushuka juu ya herufi moja. Chanzo chake mara nyingi ni sisi wenyewe, tunapomuuliza mtoto "Hapo kuna nukta zipi?" Akishazoea kuhesabu nukta, atahesabu kila herufi maisha yake yote. Seli halisi ni ndogo, nukta zikiachana kwa takriban milimita 2.5, kusudi umbo zima liingie chini ya ncha ya kidole kwa mara moja. Ndiyo maana seli kubwa za mfano, za mbao au za trei ya mayai, zifae kueleza namba za nukta tu, kisha ziwekwe kando. Hazifundishi kusoma.

Unapomwelekeza, usimkamate mkono ukauburuta. Weka mkono wako chini ya wake, akufuate kwa hiari yake. Mkono unaovutwa hausomi.

Hatua ya 3: Herufi za kwanza

Usifuate a, b, c, d. Chagua herufi zenye maumbo yaliyo mbalimbali na zinazotoa maneno mapema. Kwa Kiswahili, a (1), l (1-2-3), m (1-3-4) na i (2-4) zinatosha kuandika mama, mimi, lala, lima na mali. "Lima" na "mali" zina herufi zilezile nne, hivyo mtoto hawezi kubahatisha. Lazima vidole vifuate mpangilio. Ongeza n (1-3-4-5), na "nani" na "lini" zitaingia.

Herufi mpya ije ikishakuwa ya zamani inasomwa ndani ya maneno bila kusimama. Dakika 10 hadi 15 mara mbili kwa siku zinazaa kuliko saa nzima kwa mkupuo, kwani kidole kilichochoka huanza kusugua.

Hatua ya 4: Mashine ya Perkins

Mashine hii ya kuandikia nukta nundu ina vitufe sita vya nukta, kitufe cha nafasi kikiwa katikati. Kushoto kwake, kilicho karibu zaidi ni nukta 1, kisha 2, kisha 3. Kulia ni 4, 5, 6 kwa mpangilio huohuo. Vidole vya shahada hukaa kwenye 1 na 4.

Kuingiza karatasi: vuta vishikizo viwili vya karatasi kuelekea kwako, ingiza karatasi ikigusa ukingo wa kushoto, rudisha vishikizo, zungusha vifundo vya pembeni kuelekea kwako mpaka vigome, kisha bonyeza kitufe cha kushusha mstari. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika sana, na bila hiyo karatasi haishikwi mahali pake na mstari wa kwanza huenda mrama.

Nukta za herufi moja zibonyezwe kwa pamoja. Mtoto mwenye vidole dhaifu hubonyeza kimoja baada ya kingine, akapata herufi zilizopasuka mara mbili: d ikawa a ikifuatiwa na nukta 4-5. Dawa ni mazoezi ya nguvu za vidole na herufi za nukta mbili kwanza. Kengele ikilia, zimebaki nafasi chache mstari uishe. Amalize neno au ashuke.

Hatua ya 5: Sleti na stailasi

Sleti ni bamba lenye madirisha ya seli, na stailasi ni kijiti chenye ncha cha kusukumia nukta. Sleti ije baada ya usomaji kutulia. Hapa nukta husukumwa kutoka nyuma ya karatasi, kwa hiyo mtu huandika kutoka kulia kwenda kushoto. Watu wazima wanaoona ndio wanaoiona ngumu. Usimwambie mtoto "herufi zinageuka". Mwambie kuna upande wa kuanzia na upande wa pili: nukta 1, 2, 3 ziko daima upande unaoanzia. Hapo hakuna cha kugeuza kichwani.

Maswali ya wazazi na walimu

*Mwanangu ana uoni hafifu, anasoma maandishi makubwa akiwa ameinamia daftari. Nimwache mpaka macho yazidiwe?*

Usisubiri, mama. Mpe kifungu cha kiwango chake, asome dakika 10 bila kupumzika, uhesabu maneno ya dakika ya kwanza na ya mwisho. Kama kasi imeanguka sana, au shingo na macho vinauma, maandishi makubwa hayatambeba madarasa ya juu yenye vitabu vinene. Muulize pia daktari wa macho kama tatizo ni la kuendelea. Mtoto anaweza kujifunza vyote viwili. Nukta nundu haipunguzi uoni uliopo. Na asome kwa kidole, si kwa kuziangalia nukta, jambo ambalo watoto wenye uoni hafifu hulifanya kimyakimya. Kitambaa juu ya mikono kinasaidia kuliko kumfunga macho.

*Mwalimu, anachanganya e na i kila siku.*

Ni jozi ya kioo: e ni 1-5, i ni 2-4. Zipo nyingine: d na f, h na j, r na w. Makosa huja zikifundishwa kwa kufuatana. Ondoa e kwa muda, imarisha i ndani ya maneno, kisha irudishe e katika maneno ambayo i haimo, kama "leta" na "meza". Mwishoni kabisa ndipo uzikutanishe. Ukimwekea e na i kando kando ili azilinganishe, unaongeza mkanganyiko.

*Siku hizi kuna simu zinazosoma kwa sauti. Nukta nundu bado ina kazi?*

Sauti ni nyenzo nzuri, na programu za kusoma kioo kwa sauti kama NVDA hutolewa bure kwa kompyuta. Lakini anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje. Ataandika "alafu" badala ya halafu, "apa" badala ya hapa, na hatajua kama "kwa sababu" ni neno moja au mawili. Sauti haimpi tahajia, alama za uandishi wala mpangilio wa hesabu. Aidha, vipo vifaa vya kielektroniki vinavyoinua nukta chini ya kidole kwa kufuata kilicho kwenye kioo, na havina faida kwa asiyejua kusoma nukta.

*Vitabu vya darasa vinachelewa, na michoro haieleweki kwa vidole. Tufanyeje?*

Mwalimu wa somo akabidhi maandishi mapema, yakiwa faili na siyo picha ya ukurasa, kwani programu za kubadili maandishi kuwa nukta nundu zinahitaji maandishi halisi. Kazi iliyotoka ipitiwe na mtu anayesoma nukta, hasa namba na majedwali. Kuhusu vitabu, ulizeni maktaba za wasioona kama nchi yenu imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu nakala za nukta nundu kutengenezwa na kuvuka mipaka bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki.

Mchoro usinakiliwe kama ulivyo. Ondoa mapambo na vivuli, acha mistari inayojibu swali la somo, na itenganishe kwa milimita 3 au zaidi, la sivyo kidole huiona kuwa mstari mmoja. Mchoro wa moyo wenye mishipa yote ugawanywe karatasi mbili au tatu: umbo la nje na vyumba vinne kwanza, mishipa baadaye. Mpe maelezo kabla hajaugusa: ni kitu gani, kimetazamwa kutoka upande upi, aanzie wapi.