Namna ya Kutumia Virai Nomino vya Kiingereza Kueleza Wakati

Anayeandika barua ya kazi au ripoti kwa Kiingereza hapa Nairobi huchunga sana wakati wa kitenzi, akasahau kwamba kirai nomino, yaani fungu la maneno linaloongozwa na nomino, nacho hubeba wakati. Anza na kihusishi "on": siku kama "Monday" hukihitaji ("on Monday"), lakini "last", "next", "this" au "every" linapotangulia nomino, kihusishi hicho huondolewa, hivyo tunaandika "I travelled to Thika last Monday", wala si "on last Monday".

Muda unapoeleza sifa ya jambo, kipimo hukaa mbele ya nomino bila alama ya wingi, kikiunganishwa kwa kistari: "a three-hour meeting". Katika umilikishi, wingi hurudi pamoja na apostrofi: "three hours' work".

Linalostahili uangalifu zaidi, kwa maoni yangu, ni vivumishi vinavyokiweka cheo cha mtu katika wakati fulani. "The former chairman" si mwenyekiti tena. "The then chairman" ni yule aliyeshika cheo wakati wa tukio linalosimuliwa. "The outgoing chairman" bado yumo madarakani, ila anaelekea kuondoka. Katika kumbukumbu za mkutano wa sacco, kuchanganya la kwanza na la mwisho kunaweza kufanya sahihi halali ionekane batili, kwa hiyo kabla ya kuandika jiulize: siku ya tukio cheo kilikuwa cha nani, na leo ni cha nani?